Mwembe haupukutishi majani Januari

Najua nimekaa kimya, ila majaribio yalinibana, na wanaonijua wanajua wiki ya majaribio hata kufua sifui. Leo siandiki habari za bumu wala foleni ya kantini. Nataka tuongelee kivuli. Ndiyo, kivuli. Nawaonya mapema kwamba kuna hesabu kidogo humu ndani, lakini hazizidi zile za kidato cha nne, kwa hiyo hata nyie wa sheria msikimbie.

Chanzo ni mawasilisho ya miradi ya mwaka wa mwisho, Alhamisi iliyopita. Jamaa mmoja, kichwa kweli kweli, alileta ramani ya joto ya mtaa mmoja hapa Dar, mchana wa mwezi Februari. Nyekundu ni mahali mwili wa mtu unateseka, bluu ni afadhali. Akamaliza vizuri, makofi yakapigwa. Ndipo mwenzetu mmoja wa nyuma, ambaye kazaliwa mtaa huo huo, akanyoosha mkono: "Kaka, hapo ulipopaka nyekundu pana miembe. Ndipo mama zetu wanapouzia chakula mchana. Mbona panawaka karibu sawa na stendi?" Ukumbi ukacheka. Mwasilishaji akajibu kwa heshima kwamba miembe imo kwenye modeli, na hayo ndiyo majibu ya kompyuta. Mwalimu akatazama saa, tukahamia kwa mwingine.

Mimi swali lile liliniganda. Jioni nikamtafuta yule jamaa, tukakaa na kompyuta yake, tukapitia mipangilio ya programu kimoja baada ya kingine. Tulichokikuta ndicho kimenifanya niandike leo. Miembe ilikuwemo kweli. Ila ilikuwa imevuliwa majani yote.

Nianze na msingi ili twende pamoja. Ukisikia redioni leo Dar ni nyuzi 32, hiyo ni hewa iliyopimwa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, kipimajoto kikiwa kivulini. Lakini wewe huishi kwenye kisanduku. Ukisimama kituo cha daladala saa saba mchana, unapigwa na jua la utosi, halafu lami inakurudishia joto kutoka chini, na ukuta wa duka nao unakurushia la kwake. Wataalamu hukusanya mionzi yote hiyo, ya jua na ya vitu vilivyopata moto, wakaifanya namba moja inayoitwa wastani wa joto la mionzi. Hewa ikiwa nyuzi 32 zile zile, namba hii juani inaweza kuvuka 60. Chini ya mti wenye majani mazito inashuka hadi karibu na joto la hewa yenyewe. Ndiyo maana ukiingia chini ya mwembe unasema "afadhali", japo hewa ya pale haijapoa sana, pengine nyuzi moja au zaidi kidogo. Kazi kubwa ya mti mchana ni kukukinga na mionzi. Kuipoza hewa ni kazi yake ndogo.

Dar tuna jambo jingine. Tuko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na karibu katikati ya Oktoba jua la adhuhuri linasimama juu ya kichwa kabisa. Wakati huo ukuta wa ghorofa hata uwe wa sakafu 20, kivuli chake ni sifuri. Anayeweza kukusitiri saa hizo ni kitu kilichotanda juu yako: paa, turubai, mwavuli, au mti. Göteborg kule Sweden, hata Juni jua halifiki nyuzi 56 juu ya upeo wa macho, kwa hiyo jengo la pembeni linaweza kumtupia mtu kivuli adhuhuri. Sisi nyumba hazitusaidii saa hiyo. Miti ndiyo inayotusaidia.

Kwa nini nataja Göteborg? Kwa sababu programu aliyotumia yule jamaa inatoka huko. Inaitwa SOLWEIG, ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2008 na Fredrik Lindberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Göteborg, na mwaka 2011 ikaongezewa uwezo wa kushughulikia mimea. Siku hizi ipo ndani ya kifurushi kinachoitwa UMEP, kinachofanya kazi kwenye QGIS, na vyote ni bure. Kwa mwanafunzi asiye na hela ya leseni hiyo ni zawadi, sitaki mtu anielewe vibaya. Programu ni nzuri na inafanya kile inachoambiwa. Tatizo ni kwamba usipoiambia kitu, inajijibu yenyewe, na inajijibu kama mtu wa Göteborg.

Kwenye toleo tulilolifungua siku ile, usipobadili chochote, miti huota majani siku ya 97 ya mwaka na kuyapukutisha siku ya 300. Hesabu kwenye kalenda: Aprili 7 hadi Oktoba 27. Nje ya tarehe hizo mti ni matawi matupu, na programu inaruhusu nusu ya jua lipenye. Kwa Sweden ni sawa kabisa. Walipima kwelikweli miti ya mji wao na kuchapisha mwaka 2014: mti wenye majani ulipitisha takriban asilimia 1 hadi 5 ya jua la moja kwa moja, usio na majani ukapitisha kama asilimia 40 hadi 52. Sasa leta habari hiyo Dar. Novemba, Desemba, Januari, Februari, Machi, yaani miezi ambayo sisi ndiyo tunachemka, mwembe wetu unahesabiwa uko uchi.

Kuna kisanduku cha kuweka tiki ili mti ubaki na majani mwaka mzima. Lakini kisanduku chenyewe kimeandikwa kwa ajili ya misonobari na jamaa zake, kwa kuwa kule Ulaya miti mingi inayobaki na majani wakati wa baridi ni ya ukoo huo. Kwa hiyo ili mwembe wa Dar uheshimiwe, inabidi kwanza uupe uraia wa msonobari. Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta. Lakini ukiacha kucheka, jiulize ni ripoti ngapi za miji ya joto zimepita hapo bila mtu kukiona kisanduku hicho.

Na tarehe ni mwanzo tu. Programu inataka kujua mambo matatu kuhusu kila mti: urefu wake, majani yanaanzia mita ngapi kutoka chini, na mwanga kiasi gani unapenya. Usipokuwa na jibu la pili, inachukua robo ya urefu. Mwembe wa mita 12 unapewa shina la mita 3. Si mbaya, panakaribia ukweli. Lakini mnazi wa mita 12? Makuti yake yapo kileleni huko, tuseme kuanzia mita 9. Modeli inaujaza majani kuanzia mita 3 na kuufanya kichaka. Halafu fikiria jua likishuka hadi nyuzi 45, ambayo kwa Machi ni mida ya saa tisa na nusu alasiri. Kwa pembe hiyo kivuli cha jani husogea kando kwa umbali ule ule lililo juu. Jani la mita 9 kivuli chake kinaanguka mita 9 pembeni, labda kwenye kiwanja cha jirani. Mama lishe aliyeegemea shina la mnazi anaungua, na ramani inasema yuko poa.

Jibu la tatu ndilo zito zaidi, la majani. Hapa kuna kitu kinaitwa fahirisi ya eneo la majani. Chukua mita moja ya mraba ya ardhi chini ya mti, kusanya majani yote yaliyo juu yake, yatandaze bila kupandana. Yakijaza mita 4 za mraba, fahirisi ni 4. Kisha unatumia kanuni ya Beer (tulieni, siyo ile ya baa) kukadiria mwanga unaopenya. Kwa makadirio ya kawaida, fahirisi 1 inapitisha asilimia 61 ya jua, 2 inapitisha 37, 4 inapitisha 14 hivi, na ili ufike asilimia 3 unahitaji fahirisi ya 7. Sasa hiyo asilimia 3 ndiyo programu inayoipa miti yote yenye majani usipoigusa. Fahirisi ya 7 ni mti mnene kinoma. Mwembe uliokomaa na kutunzwa unaweza kukaribia huko. Lakini ule mti wa maua mekundu ya Krismasi wenye vijani kama unyoya? Mnazi? Mwarobaini uliokatwa matawi kila mara ili usiguse nyaya?

Weka hesabu. Jua la moja kwa moja tulipe wati 900 kwa kila mita ya mraba. Likipenya asilimia 3, aliye chini anapata wati 27. Likipenya asilimia 37, anapata 333. Likipenya nusu, ni 450. Watu hawa watatu wote wako "chini ya mti". Kwenye takwimu za jiji wote wanaweza kuandikwa wana kivuli. Mmoja tu ndiye anacho.

Najua kuna atakayesema, si tuna setilaiti? Tunazo, na zinasaidia. Sentinel-2, ambayo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, inatupa picha bure zenye pikseli ya mita 10 kwa 10, na kutokana nazo unapata kile kipimo cha ukijani, NDVI. Lakini ukijani si kivuli. Kiwanja cha mpira chenye nyasi zilizonyeshewa kinang'aa kijani kwenye ramani, na ukikisimamia saa saba utaungua vile vile. Pia pikseli moja ina mita 100 za mraba, wakati mwarobaini wenye mwavuli wa mita 6 kwa upana una kama 28. Mti unamezwa na lami inayouzunguka. Mwaka 2024 Meta na World Resources Institute walitoa ramani ya urefu wa miti ya dunia nzima kwa pikseli ya mita 1, na hiyo ni hatua kubwa, nawapongeza. Lakini setilaiti inatazama mti kutoka juu. Haikwambii majani yanaanzia wapi kwa chini, wala mwanga gani unachuja hadi kwenye benchi. Mambo hayo anayajua anayekaa kwenye benchi.

Wala msidhani Dar haijawahi kufanyiwa utafiti wa maana. Mwaka 2018 Moohammed Wasim Yahia na wenzake, mmojawapo akiwa huyo huyo Lindberg wa SOLWEIG, walichapisha kazi kuhusu maeneo manne ya Dar es Salaam yenye majengo mafupi, ya wastani na marefu. Walitumia modeli nyingine, ENVI-met. Walikuta eneo la nyumba fupi ndilo lenye mionzi mikali zaidi na hali mbaya zaidi kwa mtu aliye nje. Fikiria maana yake: nyumba fupi ndiko wengi wetu tunakotoka. Kule hakuna ghorofa la kukutupia kivuli hata saa tisa. Walisema pia kwamba miti yenye majani mazito inapunguza mateso ya joto, ila wakaonya kwamba mimea inaweza kuzuia upepo, kwa hiyo lazima ipangwe kwa akili.

Hapo kwenye upepo ndipo huwa naulizwa sana, na swali ni halali. Dar ni mji wa pwani, hewa nzito, jasho halikauki. Upepo wa bahari ndio pumzi yetu. Ukipanda ukuta wa majani kuuzuia, umepunguza jua lakini umemfungia mtu ndani ya mvuke. Sawa. Lakini utajuaje mti upi unazuia upepo na upi unaupitisha? Kwa kujua majani yake yanaanzia wapi na yamejazana kiasi gani. ENVI-met inataka wingi wa majani kwa kila tabaka la mti, na kwa tabaka hizo hizo inahesabu kivuli na inahesabu upepo unavyopunguzwa kasi. Anayehofia upepo na anayetaka kivuli wote wanahitaji daftari moja. Mwembe uliopogolewa chini hadi mita 4 unakupa vyote viwili: paa juu, dirisha chini. Miashoki iliyopangwa kama ukuta inakupa kinyume chake, imesimama mirefu kama minara, inazuia upepo, na adhuhuri kivuli cha mmoja hakitoshi watu wawili.

Kwa nini mtu asiyesoma mambo haya ajali? Kwa sababu kuna watu kazi yao ni kuwa nje. Bodaboda, machinga, trafiki, mafundi ujenzi, mama lishe ambaye juu ya jua ana jiko la mkaa mbele yake. Kwa usalama wa kazi kuna kipimo kinaitwa WBGT, kilichobuniwa miaka ya 1950 Marekani baada ya askari kuanguka kwa joto mazoezini. Nje kwenye jua kinachanganya vipimajoto vitatu: asilimia 70 ni chenye kitambaa kilicholowa, asilimia 20 ni kilicho ndani ya tufe jeusi, asilimia 10 ni hewa ya kawaida. Tufe jeusi ndilo linaloliona jua. Tuseme juani linasoma 48 na kivulini 33. Tofauti ni 15, asilimia 20 yake ni 3. Nyuzi 3 tu, mtu atasema. Lakini kiwango cha kimataifa cha ISO 7243 cha mwaka 2017 kinamruhusu aliyezoea joto afanye kazi nyepesi mfululizo hadi WBGT ya 30, na kazi ya wastani hadi 28. Ngazi nzima ya kazi ni nyuzi 2. Kwa hiyo kivuli kinachodaiwa kipo wakati hakipo kinaweza kumruhusu mtu abebe mzigo saa ambayo alipaswa kukaa chini.

Mwaka 2021 machinga wa Dar waliondolewa pembezoni mwa barabara na kupelekwa maeneo maalumu. Sitaki kufufua mjadala ule, kila mtu ana upande wake. Nauliza tu: kwenye kuchagua maeneo ya namna hiyo, hapa au mji wowote, fomu ina mstari wa kivuli? Siyo "kuna miti ndiyo/hapana". Mstari wa mita za mraba za kivuli saa saba mchana, mwezi Februari.

Maana msipohesabu kivuli, mtahesabu vichwa. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha wanafunzi na wakubwa fulani kuhusu miti iliyokatwa kupisha maegesho. Jibu tulilopewa likawa lile lile tunalolijua wote: tutapanda mingine, tena mara mbili. Watu wakaridhika. Haya tupige hesabu ya mfano. Miti 9 mikubwa yenye mwavuli wa mita 10 kwa upana: kila mmoja una mita za mraba 78.5, jumla ni kama 707. Miche 20 yenye mwavuli wa mita 1: jumla haifiki 16. Kwa vichwa tumepata faida ya miti 11. Kwa kivuli tumebaki na asilimia 2 hivi ya tulichokuwa nacho, na hiyo ni kabla hujauliza mche una majani kiasi gani. Wahenga walishasema, kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua.

Na hili ndilo neno langu la leo, kama umeruka kote huko juu lisome hili. Mti usio kwenye data unakatwa bure. Ukiondoa kwenye modeli mti ambao haukuwemo, ramani haibadiliki hata doa moja. Ukiondoa mti uliokuwemo lakini ukahesabiwa hauna majani, ramani inabadilika kidogo tu. Mpangaji anaangalia, anaona hasara ni ndogo, anasaini. Hajadanganya mtu. Kasoma alichopewa. Kwa hiyo kumwandikia mwembe majani yake ni kumpa wakili mahakamani.

Kuna wanaosema achana na modeli, panda miti tu. Ningewaunga mkono kama ardhi na maji visingekuwa na bei. Lakini penye nafasi ya miti 10, unaiweka wapi? Kituo cha daladala, upande gani wa benchi, ili kivuli kianguke juu ya watu saa nane na si juu ya mfereji? Hilo kwa macho hulipati vizuri, na mti ukiuweka pabaya utajua baada ya miaka 10. Modeli inakuonyesha leo jioni. Ila ilishwe ukweli.

Wengine wanasema jiji zima haliwezi kupimwa mti kwa mti. Kweli, na hakuna anayetaka hivyo. Anza palipo na watu wakati wa jua kali: vituo, masoko, njia za shule, mageti ya hospitali. Halafu pima kwa aina. Ukishapima miembe 30 vizuri, miarobaini 30, minazi 30, mikungu 30, una namba za Dar unazoweza kuzipa miti mingine ya aina hiyo. Hizo zitakuwa karibu na ukweli kuliko namba moja ya Göteborg iliyobandikwa kwa miti yote.

Na msiniambie wanafunzi hatuwezi. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwachukua wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, wakaungana na wakazi, wakaingia mitaa inayofurika na kuchora nyumba, njia na mifereji kwenye OpenStreetMap, na picha za droni zikatumika. Kabla ya hapo mitaa mingi ilikuwa doa tupu kwenye ramani. Kama kizazi kile kilipima mifereji kwa sababu ya mafuriko, sisi tunashindwaje kupima miti kwa sababu ya joto? OpenStreetMap tayari ina nafasi ya kuandika aina ya mti, urefu, upana wa mwavuli, na hata kama mti unapukutisha majani au la.

Vifaa ni vya maskini kabisa. Kupima urefu: pima pembe cha shuleni, uzi, kijiwe na futi ya fundi. Rudi nyuma kwenye ardhi tambarare hadi uone kilele kwa pembe ya nyuzi 45. Umbali kutoka kwenye shina pamoja na kimo cha macho yako ndio urefu wa mti. Majani ya chini kabisa yako mita ngapi, pima hivyo hivyo. Mwavuli pima upana mara mbili, kwa njia panda, uchukue wastani. Kwa majani, tumia simu: ilaze ikitazama juu, asubuhi mapema au siku ya mawingu ili jua lisiingie kwenye picha, piga sehemu tano chini ya mti, kisha kwenye kompyuta geuza picha iwe nyeusi na nyeupe na uhesabu sehemu ya anga. Si kifaa cha maabara, na mwavuli wa mti si zulia, una mashada na matundu. Lakini kwa mji ambao jua la adhuhuri linakuwa utosini, tundu unaloliona ukitazama juu ndilo tundu jua linamopitia. Kisha rudia mti ule ule Februari, Mei, Agosti na Novemba. Ndani ya mwaka mmoja tutakuwa na kalenda ya majani ya Dar, na zile siku za 97 na 300 tutaziandika wenyewe.

Yule jamaa wa ramani nyekundu ameshakubali kurudia kazi yake kwa namba za hapa, na yule mwenzetu wa swali la miembe ametuahidi kutupeleka kwao. Tunaanza Jumamosi ijayo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijachangamka, kwenye lango la hosteli. Watu wa takwimu, watu wa botania, watu wa jiografia, hata nyie wa sheria, njooni. Mwenye futi ndefu aje nayo. Mwenye simu yenye chaji ndiyo kabisa. Asiyeweza kuja aniandikie hapa chini jambo moja tu: mtaani kwenu, mti gani hupoteza majani, na mwezi gani. Jibu hilo hakuna setilaiti iliyowahi kuulizwa, na bibi yako analijua.

Haya, nawahi kipindi. Tuko pamoja.